Sentensi za Wifi Yangu

Kaka yangu Lakhvir alioa mwezi wa kwanza, kwenye ukungu, na kabla bibi harusi hajavua bangili nyekundu za ndoa, bwana alikuwa kesharudi Uingereza. Alimwachia mkewe agizo moja: asome Kiingereza, afaulu mtihani wa kuongea, naye atatuma makaratasi amfuate. Mke huyo ndiye wifi yangu Rajwant. Mimi ni Bindo, mjane, nilirudi kwa mama yangu na ulimi wangu wote. Wanaonijua wananiogopa, na waendelee kuniogopa.

Kwetu Wapunjabi bibi harusi hatoki peke yake. Mama akanituma nimsindikize mjini kwenye twisheni, nimlinde na macho ya wanaume. Nikawa nakaa benchi la nyuma nafuma sweta, huku darasa zima la wake za watu wakipiga kelele kwa pamoja. Sikuwa nimelipiwa, lakini masikio hayana karani mlangoni, na mimi pia nikajifunza.

Mwalimu Jagtar alikuwa na mtindo wake: neno moja kwa siku, na kila mtu alitungie sentensi mpaka ulimi uzoee. Siku hiyo neno lilikuwa "sad". Mwenye huzuni, akatufasiria. Wakaanza. Mbwa wangu amekufa, nina huzuni. Mvua imeharibu ngano, baba ana huzuni. Zamu ya Rajwant ilipofika alisimama, akavuta mtandio, akasema kwa Kiingereza, "Mume wangu hapigi simu, nina huzuni."

"Safi kabisa!" alisema mwalimu. "Haina kosa. Anayefuata!"

Anayefuata hakusimama upesi. Wengi mle ndani walikuwa na waume wa kwenye simu.

Tangu hapo neno lile likawa lake. Kwetu mke wa mwana hasemi kwamba amechoka au ameumia. Akithubutu, anaitwa baba yake aje atiwe aibu mbele ya watu. Lakini Kiingereza kilikuwa masomo, na masomo mama mwenyewe aliyabariki! Basi akikata majani ya nyati wetu wa maziwa, sentensi. Akikanda unga, sentensi. Mwanzo tulikuwa tunacheka.

"Wifi yangu ana huzuni, chai yake haina sukari," Rajwant alinichokoza siku moja.

"We mtoto, nitakumwagia hiyo chai!"

Baadaye utani ukaisha, sentensi zikabaki.

Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alijivunia mkwe wake kupita kiasi. Wageni wakija tu, "Rajo, hebu waonyeshe!" Siku walipokuja shangazi zetu, Rajwant alisimama kichwa kimefunikwa, sauti laini, akasema, "Nina huzuni katika nyumba hii. Mama huyu hajaniuliza hata siku moja kama nimekula." Shangazi wakapiga makofi. "Jamani, kama malkia!" Mama akachukua kipande cha halua, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana. Nilitoka nje nikacheka, kisha nikajikuta nalia.

Mtihani alifaulu. Mama akagawa ladu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe, mtaa mzima. Kilichobaki ni makaratasi ya Lakhvir tu. Mara kazi zimembana, mara wakili anaumwa, mara sheria imebadilika. Miaka ikapita. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ameonekana huko na mwanamke, anasukuma kigari cha mtoto. Nilipomuuliza Lakhvir kwenye simu alisema ni wivu wa watu. Nami nikasema moyoni, lisemwalo lipo.

Jumapili moja akapiga simu ya video. Mama alikuwa amekaa kitandani uani, akaiinua simu juu. "Mwanangu, msikie mkeo! Mzungu mtupu!" Akamkabidhi Rajwant.

Rajwant alimtazama mumewe. Akasema kwa Kiingereza, bila haraka, "Nina huzuni. Nimekungoja miaka minne. Kama una mwanamke mwingine, sema mwenyewe, baba yangu aje anichukue kwa heshima."

Mama akapiga makofi.

Lakhvir aliangalia pembeni, akakohoa. Kisha akajibu kwa Kipunjabi, na hakumjibu mkewe. "Mama, unajua unampigia makofi kwa lipi? Anakutukana. Anasema nyumba yako jehanamu. Mtu wa ulimi huo nimlete huku aniaibishe? Akae kwako kwanza ajifunze adabu."

Nikaisogelea simu. "Muongo mkubwa we! Swali lake umelijibu? Yule mwanamke ni nani, Lakhvir?"

Kioo kikawa cheusi.

"Mtandao huo," alisema mama.

"Mtandao gani, Mama! Amekata!"

Hakunisikia. Alikuwa mbali, mbele ya wageni wake wote wa miaka ile. "Mbele ya shangazi zenu," alisema. "Na mimi nikamlisha kwa mkono wangu." Akamgeukia Rajwant. "Ni neno gani hilo ulilokuwa unalisema kila siku?"

Rajwant akamtajia, akampa na maana yake.

"Huzuni ya nini? Unakula, unalala, na mume unaye." Akaenda ndani, akatoka na vitabu na cheti, akavisokomeza motoni chini ya sufuria ya dengu. "Kuanzia leo, Kiingereza basi katika nyumba hii."

Nilimshika wifi yangu mkono nikamwambia, twende kwa baba yako, nitakupeleka mwenyewe, atakayetaka kusema aseme na mimi. Akatikisa kichwa. "Yeye hajaniacha, dada. Nikiondoka bila neno lake nitaitwa mtoro, na nina wadogo zangu wawili hawajaolewa. Nani atabisha hodi kwetu?" Mimi Bindo mwenye majibu yote nikauachia mkono wake. Akaenda kukata majani.

Makaratasi hayajaja mpaka leo. Wageni wakija anawaletea chai, wanamuuliza kwa Kipunjabi habari za siku nyingi, naye anawajibu: njema.