Miwani ya Mama Mkwe

Amosi, fundi wa pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, ni mtu mwenye mdomo. Anaweza kubishana na mwenye duara, na wachimbaji, na pampu yenyewe, tangu asubuhi hadi jua lizame. Siku ile pale Katoro, anayemfahamu asingeamini macho yake.

Mkewe, Paskalia, alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue mtoto wao wa kwanza, baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Mama yake alikuwa amekuja kumlea uzazi, ila bibi wa watu macho yamemchoka. Kila siku alimwogesha mjukuu, akamwimbia, akampapasa uso kwa vidole, lakini kuuona hasa hakuuona. Kijana wake Edward akanunua miwani huko Mwanza, akaituma kwa basi. Sasa ofisi ya vifurushi ilikuwa imepiga simu: mzigo usipochukuliwa leo kabla ya saa kumi, unarudishwa ulikotoka.

Amosi akapanda boda ya Masudi, kitambulisho mfukoni, roho kwatu. Leo mama mkwe angejua kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivihivi.

Dirishani alikaa binti aitwaye Nelly.

"Shikamoo baba. Jina la mwenye mzigo?"

"Marahaba. Ni wa mama mkwe."

"Jina lake, baba."

Amosi akakohoa. Kwa kina Amosi, mama mkwe hatajwi jina. Kwa miaka yote ya ndoa hajalitamka hata akiwa peke yake shambani. Ana jirani mwenye jina hilohilo, na humwita "yule wa karibu na mashine ya kusaga".

"Basi andika," Nelly akasema, akampa kalamu.

Amosi akaishika, akaitazama, akairudisha. Mkono nao ni wa mkwe yuleyule aliyekatazwa kulitaja.

"Nisomee majina wewe, mimi nitikise kichwa."

"Nikusomee mizigo ya watu? Unataka nifukuzwe kazi?"

Akampigia mkewe. Simu haipatikani, nyumbani umeme ulikatika tangu jana, na chaji nayo ilikuwa imekwisha. Akazunguka nje ya ofisi kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi wazo likamjia. Akamshika Masudi mkono, akamburuta katikati ya soko, wakapita wauza dagaa, wakapita wanunuzi wa dhahabu na mizani zao, mpaka mbele ya mgahawa mmoja. Akanyoosha kidole kwenye kibao.

"Soma."

"Wali maharage," Masudi akasoma.

"Juu yake, bwana!"

"Mgahawa wa Nyamizi."

"Hilo la mwisho! Lishike hivyohivyo, twende."

Wakarudi mbio. Masudi akainama dirishani, akalitaja kwa mbwembwe zote. Nelly akamtazama yeye, kisha akamtazama Amosi.

"Huyu ana jina, wewe una kitambulisho. Sasa nimpe nani? Mwenye kitambulisho ndiye ataje. Bado dakika tano nafunga."

Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Amosi akawaza vile vidole vya bibi usoni pa mtoto, vikitafuta. Akavua kofia, akafumba macho.

"Nyamizi!"

Lilitoka kwa sauti ya kumwita mtu aliye chini ya duara. Ofisi nzima ikageuka.

"Nyamizi nani? Wako wawili."

Jasho likamtiririka. "Nyamizi Masele!"

Wakapanda boda kurudi. Aliona aibu, aibu ya kweli, kana kwamba amemvua mama wa watu kitenge hadharani. Nyumbani akampa Paskalia kile kiboksi, akamweleza yote kwa kunong'ona, kisha akaenda kusimama nje, nyuma ya ukuta wa chumba, kama adabu inavyotaka.

Ndani Paskalia akamsimulia mama yake, kiboksi kikafunguliwa. Kisha akasikia bibi akimwambia mtoto, taratibu, "Kumbe ndiye wewe."

Halafu sauti ikapandishwa makusudi, ipenye ukuta.

"Paskalia! Mwambie huyo aliyesimama nje, mtoto kamnyang'anya pua yote. Na mwambie Nyamizi anamshukuru."

Amosi akajishika pua, akacheka, na machozi yakamtoka.