Kadii Nyale, Fundi wa Kufuta Siri Zisirudi

Saa nne unusu asubuhi, mlango wa chumba kimoja mtaani Muyeye, Malindi, umefungwa kwa komeo la ndani. Muuza mihogo anabisha hodi akitaka kuchajiwa simu, anaambiwa kwa upole arudi baada ya adhuhuri. Ndani, wanawake wawili wameketi bega kwa bega mbele ya kompyuta iliyovuliwa kifuniko. Wanatazama nambari ikipanda kwenye kioo: tisini na sita kwa mia, tisini na saba, tisini na nane.

Mmoja ni Janet Cherop, msimamizi wa nyumba inayowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Amekuja kutoka Kilifi na diski tatu za kompyuta kuukuu ndani ya mkoba, na njia nzima mkoba huo ulikuwa mapajani mwake. Diski hizo zina majina na picha za wanawake mia mbili na kumi. Zina pia mahali kila mmoja anapoishi sasa.

Nambari inafika mia.

"Imekwisha?" anauliza Janet.

"Bado, mama. Kufuta nimefuta. Sasa natafuta," anajibu Kadii Nyale, mwenye chumba.

Anafungua programu nyingine, ile wanayoitumia watu wanaotaka kurudisha faili zilizopotea, na kuiachilia ipekue diski aliyotoka kuifuta. Inachakura dakika kadhaa kisha inasimama. Haikupata jina, haikupata picha. Diski ya pili inatoa jibu lilo hilo. Ya tatu imekufa, haisomeki, na kisichosomeka hakiwezi kufutwa. Kadii anaibana kwenye jiliwa, anavaa miwani ya plastiki, anashika keekee ya umeme na kuitoboa matundu saba.

Janet anaokota vipande vya sahani ya diski mezani na kuvitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, anaegemea kiti.

"Leo nitalala," anasema.

Kadii, 37, anaishi kwa kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Huletewa kompyuta, simu na flashi zinazokaribia kuuzwa, kugawiwa au kutupwa, naye huhakikisha kwamba kilichokuwamo hakitaonekana tena na mtu yeyote. Hutoza shilingi elfu moja kwa diski moja. Mwezi mzuri humwachia shilingi elfu arubaini na tano baada ya kulipa kodi ya chumba. Wateja wake ni zahanati, mawakili, walimu, na wenye nyumba za wageni wanaohifadhi nakala za pasipoti.

"Mtu akija hapa huwa ameshafuta," anasema huku akicheka. "Ananiambia, 'Dada, mimi nimetoa kila kitu, wewe niangalizie tu.' Namwonyesha picha za mwanawe akiogeshwa kwenye beseni. Anashika kichwa."

Ana haki ya kucheka, kwa sababu alijifunza jambo hilo kwa uchungu, na aliyeumia zaidi hakuwa yeye.

Kadii alizaliwa Marafa, mtoto wa nne wa wakulima. Alipomaliza kidato cha nne alijifunza kupiga chapa, akaajiriwa katika saiba moja, duka la huduma za kompyuta, mjini Kilifi, karibu na mahakama. Alikaa hapo miaka tisa kwa mshahara uliofika shilingi elfu tisa na mia tano. Aliandika viapo, wosia, barua za kuomba kazi na za kuomba talaka.

"Watu walikuwa wakinisomea maisha yao, mimi napiga chapa. Mwingine alia, mwingine atetemeka. Nikitoka hapo sisemi neno. Hata mamangu nikimtembelea, hanipati kitu."

Machi mwaka 2021, aliingia saibani mwanamke mmoja aitwaye Trizah Kyalo, mzaliwa wa Makueni, aliyekuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja huko Bofa. Alitaka kuandikiwa maelezo ya kurasa tatu. Msimamizi wake alikuwa akimfuata vyumbani, akimshika, akimtishia kazi. Wahudumu wengine wawili walikubali majina yao yaandikwe kama mashahidi. Trizah alichukua nakala zake akaziweka. Alikuwa akisubiri Aprili iishe, wenzake wapate mshahara, kisha wote watatu waende kwa wakili.

Wiki tatu baadaye, mwenye saiba aliamua kuuza kompyuta zake sita kuukuu. Kadii aliambiwa azisafishe. Alichagua faili zote, akafuta, akamwaga pipa la taka la kompyuta.

"Nikaona kioo kiko cheupe. Nikajua nimemaliza."

Mmoja wa walionunua alikuwa Randu Mangi, mtunza stoo wa hoteli iyo hiyo. Alinunua kwa ajili ya masomo ya wanawe, akaweka humo na picha za harusi yake. Siku moja picha zile zikafutika kwa bahati mbaya. Shemeji yake akamtilia programu ya kurudisha vilivyopotea. Picha za harusi zilirudi, na pamoja nazo zikarudi mamia ya barua za watu asiowajua. Moja ilikuwa na jina la hoteli.

Randu hakuwa na nia mbaya. Alimwonyesha mfanyakazi mwenzake akitaka ushauri. Kufikia jioni, msimamizi aliyetajwa alikuwa na kurasa zote tatu kwenye simu yake. Mashahidi wawili waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja akatoka ofisini akisema hajui lolote. Tarehe 19 Aprili, Trizah alifukuzwa kazi kwa madai ya kuiba mashuka.

Kesho yake alisimama mlangoni mwa saiba, wateja wakiwa wamejaa.

"Dada Kadii, umeniuza kwa bei gani?"

"Trizah, sijakuuza. Niliifuta barua yako kwa mkono wangu."

"Basi imetokaje? Imeota miguu?"

Trizah alitema mate chini, akaondoka. Juma hilo alimwachia wakili nakala zake, akapanda gari la kurudi kwao, mji wa Wote, na mabegi yake mawili.

"Nilikosa usingizi," anasema Kadii. "Si kwa sababu alinitukana. Ni kwa sababu sikuwa naelewa. Kama mimi sikumuuza, nani aliyemuuza?"

Aliyemfumbulia fumbo hilo ni Mwalimu Laban, mkufunzi wa chuo kimoja cha ufundi aliyezoea kuja saibani kuchapisha mitihani. Alimpa flashi, akamwambia aandike chochote, akifute, kisha amrudishie. Dakika nne baadaye maneno ya Kadii yalikuwa kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Laban alimweleza kwamba kompyuta ikiambiwa ifute, aghalabu haifuti. Inaliondoa jina la faili kwenye orodha yake na kuihesabu nafasi ile kuwa tupu, lakini maandishi yenyewe hubaki pale pale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Pengine nafasi hiyo haitumiki tena kwa miaka. Kuna njia ya kuijaza diski nzima upya isibaki hata alama, na diski za kisasa huwa na amri yake maalumu ya kujifuta. Lakini lazima ujue, na lazima uhakikishe.

"Niliketi chini sakafuni," anakumbuka Kadii. "Nikasema, mwalimu, ziliuzwa sita."

Alianza kuzitafuta. Kila Jumapili, baada ya ibada, alichukua daftari lenye majina ya wanunuzi na flashi aliyopewa na Laban, yenye programu ya kufutia, akatoka. Ya kwanza aliikuta kwa muuza kuku Mtwapa, aliyemwacha aifute baada ya kumwomba nusu saa nzima. Ya pili ilikuwa katika shule moja ya msingi upande wa Ganze. Alinakili kwanza kazi za walimu, akafuta diski, akarudisha kila kitu mahali pake. Ya tatu na ya nne zilikuwa Malindi.

Kwa Randu alikwenda mwisho, na Laban alifuatana naye. Randu aliwapokea kwa aibu, akawaletea viti.

"Ifute, dada," alisema. "Tangu yule mwanamke afukuzwe, sijaiwasha."

Kadii alikuwa ameshachomeka flashi. Laban akamshika mkono.

"Ngoja. Hoteli inasema nini kuhusu yale maelezo?"

"Wanasema aliyatunga baada ya kufukuzwa, kwa hasira."

"Na faili inasema iliandikwa lini?"

Walifungua. Tarehe 4 Machi, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi. Wiki sita kabla ya Trizah kufukuzwa.

Kadii aliichomoa flashi yake. Randu aliitoa ile diski mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa na kumkabidhi.

Juma lililofuata Kadii alisafiri hadi Wote. Alimkuta Trizah uani kwa mamake akipukuchua kunde. Hakukaribishwa kiti. Alisimama akaeleza yote: makosa yake, kompyuta sita, diski ya Randu. Trizah hakuacha kupukuchua.

"Kwa hivyo hukuniuza," alisema hatimaye.

"Sikukuuza. Lakini mimi ndiye niliyeacha mlango wazi."

"Sijakusamehe, Kadii."

"Sikuja kwa msamaha. Nimekuja unipe jina la wakili wako."

Kutoa ushahidi kulikuwa na gharama yake. Mwenye saiba alimwonya kwamba akisimama mbele ya hakimu na kusema barua za wateja zilivuja, atakuwa ameiharibia saiba jina. Kadii alikwenda. Aliporudi kazini, alikuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine.

Lakini diski ile ilifanya kazi yake. Wakili alipoonyesha tarehe ya maandishi, mmoja wa wale mashahidi wawili alipata moyo, akarudi kusema kweli. Hoteli iliomba kumaliza mambo nje ya mahakama. Ilimlipa Trizah haki zake na kuyafuta kwa maandishi madai ya wizi. Msimamizi aliondoka mwezi huo. Leo Trizah anawapokea wateja katika nyumba moja ya wageni huko Watamu.

Kesi ilipokwisha, wakili aliirudisha diski. Trizah aliileta mwenyewe nyumbani kwa Kadii, wakaiunganisha kwenye kompyuta ya kuazima.

"Bonyeza wewe," alisema Kadii. "Ni yako."

Trizah alibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayetia sahihi asiyejua kuandika. Walikaa saa mbili na nusu mpaka ikaisha, wakila viazi vya karai na kuzungumza habari za watoto. Kadii hakuuliza kama amesamehewa. Trizah alipoinuka kuondoka, alimwambia, "Ukifungua kazi yako, nitakuletea kompyuta za pale ninapofanya." Alileta kweli. Ndiye mteja wake wa kwanza.

Kutokana na diski hiyo Kadii alijiwekea kanuni ambayo haivunji: kabla ya kufuta, anauliza ni ya nani, na nani mwingine anaihitaji. Mwenye mali hutia sahihi. Mwaka jana mwanamume mmoja nadhifu alimletea kipakatalishi akitaka kifutwe upesi, akaweka mezani shilingi elfu kumi. Kadii alimwomba neno la siri la kukifungulia.

"Nimesahau," mwanamume alisema.

"Ukilikumbuka, karibu tena, baba."

Siku mbili baadaye ilibainika kwamba kilikuwa cha mkewe, mwalimu, na ndani yake mlikuwa na utafiti wake wa miaka mitatu. Mwalimu huyo alifika Muyeye kumshukuru, naye akafundishwa kuweka nakala mahali pengine.

Kompyuta ya sita Kadii hajaipata hadi leo. Aliyeinunua alihama, na simu yake haipatikani. Bado anaiulizia.

"Hiyo inaniuma, siwezi kukuficha," anasema. "Lakini hainizuii kufanya kazi. Zilizo mkononi mwangu nazijua."

Sasa ana mpango mkubwa kuliko chumba chake. Kuanzia Jumamosi ijayo, katika ukumbi wa kanisa hapo Muyeye, atawafundisha wapiga chapa kumi na mmoja wa saiba za Malindi, Watamu na Kilifi namna ya kufuta wanachowaandikia watu. Hawatalipa. Baada ya hapo anataka kuwafikia makarani wa zahanati, na kabla ya mwaka kuisha awe amefungua chumba cha pili Kilifi. Kodi ya miezi mitatu ameshaiweka kando.

Kompyuta za somo la kwanza zimeshapangwa kando ya ukuta. Kila mwanafunzi ataandika barua ya jambo ambalo hajamwambia mtu, aifute kwa njia aliyoizoea, kisha airudishe kwa mkono wake mwenyewe.

"Sitawaeleza kitu mpaka waione imerudi," anasema Kadii, akipangusa vumbi kwenye kibodi kwa upindo wa leso. "Nataka washtuke. Wakishashtuka, ndipo nitawaambia vuteni viti, tuanze kazi."