Mikusu Isiyozaa

Nyuma ya Nanyala, ukiiacha barabara kuu na malori yake yanayoelekea Tunduma, kuna kilima ambacho Ambakisye alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Mkewe Tusekile alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Wanaume wengine walitoroka nyumbani wakaenda kilabuni, huyu wake alitoroka akaenda kutazama majani.

Kiangazi kikikaribia kwisha, kabla hata tone la mvua halijadondoka, alipanda kuiona miyombo ikichipua majani mekundu, akarudi anasimulia utadhani ametoka harusini. Mninga ukitoa maua ya manjano, chakula kilipoa mezani. Lakini aliyekuwa kipenzi chake hasa ni mkusu, wenye majani mapana yasiyoogopa ukame, na matunda yake, makusu, yanayoanza kuiva mvua zikianza. Wanawake wa Nanyala waliyauza kando ya barabara, na kila msimu Brenda, mchuuzi wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alikuja na magunia kuyanunua.

Mikusu ya kilimani, machoni pa Ambakisye, ilikuwa ya namna mbili. Mingine ilizaa. Mingine ilitoa maua tele, ikavuma nyuki wiki nzima, kisha basi. Hii aliiita tasa. Alilitamka neno hilo kila mwaka, tena kwa kicheko, mbele ya mkewe ambaye hakujaliwa mtoto.

Kaka yake Ambakisye, Gwamaka, alipofariki, ukoo ulikaa kuamua habari ya kilima. Osea, mwana wa marehemu, alitaka kukifyeka chote, achome mkaa, kisha apande parachichi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na wazee walimwelewa upesi. Ambakisye aliona sauti yake ni nyepesi pale kikaoni, kwa kuwa asiye na mtoto hutetea ardhi kama mgeni. Akaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Tusigombane," alisema. "Niachieni mikusu tu, tena si yote. Isiyozaa ikatwe, inayozaa ibaki."

Wakakubali. Tusekile, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini, akatoka.

Jioni mumewe alimwomba kitambaa cha kufungia miti itakayobaki, wakataji wasije wakakosea. Alimpa kitenge chake kikuukuu.

"Isiyozaa ikatwe?" aliuliza.

"Nilisema miti, mama."

"Nilikusikia."

Ambakisye akachana kitenge vipande, akaenda kuifunga mikusu yake mmoja mmoja, huku anaipigapiga mashina kama ng'ombe walioponea mnadani. Misumeno ikafanya kazi yake kiangazi kile, na moshi wa mkaa ukalala bondeni. Mvua ziliporudi, makusu yakaja kama kawaida, maana yalikwisha kushika mapema kabla ya ukataji. Ambakisye aliringa. Alimpelekea Osea ndoo nzima, akamwambia mzee ni mzee.

Msimu uliofuata hakikuonekana kitu. Brenda alifika na magunia yake, akazunguka kilima chote, akarudi anajipangusa jasho.

"Batata, baba yangu, madume yako wapi?"

"Madume gani?"

"Yale ya maua mengi, ya nyuki. Kwetu tukikata masuku, ndiyo hii mikusu yenu, tunabakiza dume, maana jike peke yake halishiki tunda." Hakusema kwa kulaumu. Alikunja magunia yake, akaenda kujaribu kijiji cha Iyula.

Ambakisye alikaa juu ya kisiki hata jua likazama. Miaka yote ile aliyatazama maua yale, akawasikiliza nyuki, na hakuwahi kujiuliza wanakwenda wapi wakitoka pale. Alikuwa amewaua baba wa kilima kwa kinywa chake mwenyewe, na alikuwa ameomba aruhusiwe kufanya hivyo. Alimweleza Tusekile. Naye aliendelea kupepeta mchele, asimpe hata pole.

Msimu mwingine ukapita mtupu. Ndipo Osea alipokuja, amevaa buti, mashine ya kukatia miti ameiegesha getini kwa adabu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba mdogo, ile mikusu haizai. Na kikaoni wewe mwenyewe ulisema."

Ambakisye akamweleza habari za madume, akamwomba nafasi ya kupanda mengine. Osea alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mkusu unachukua miaka mingapi mpaka utoe maua?"

Ambakisye alijua jibu, na alijua pia umri wake. Alitafuta maneno, akapata haya tu: "Mwanangu, mti haukatwi kwa sababu tu hauzai."

Mlangoni nyuma yake, ungo ulitua chini. Tusekile alikuwa amesimama.

"Hilo neno," alisema polepole, "nililingoja siku ya kikao. Niliweka birika chini nilisikie vizuri."

Ambakisye aligeuka. Hakumkuta mlangoni. Tusekile alikwisha kushika njia ya kilimani, na alipofika huko alipita mti kwa mti, akifungua vipande vya kitenge chake, vile vilivyoizuia misumeno, akivikunja na kuvitia kwapani.