Zimwi la Vidole Vitatu

Wajukuu zangu wana tamthilia yao kwenye televisheni, ya majoka na falme na watu wanaokufa wakafufuka. Juzi walinijia wamenuna kama waliofiwa. Yule shujaa waliyempenda miaka yote kamuuza rafiki yake, na yule mchawi waliyemlaani ndiye aliyekwenda kumkomboa. Mmoja akaapa hataitazama tena. Nikawaambia, nyie mna bahati, mmeshtukia kwenye kochi. Mimi nilishtuka nikiwa nimetoka kurusha jiwe.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, miaka ya hamsini, nalelewa na bibi mzaa baba pale Kihesa, Iringa. Wazazi wangu walikuwa Mbeya, baba akiendesha lori la watengeneza barabara. Mahindi yakishavunwa na baridi kuanza kutung'ata, bibi aliweka tenga katikati ya jiko kila jioni, sisi watoto wa nyumba za jirani tukalizunguka na kupukuchua. Ujira wetu ulikuwa hadithi. Bibi alikuwa mjanja kweli, maana hadithi ilikwenda na tenga. Tenga likijaa anakata, hata kama shujaa kaning'inia kwenye mti. Njooni kesho, na mikono yenu.

Hadithi moja ilikula misimu mitatu. Zimwi jike, lenye macho kisogoni na nywele za matete, lilikaa ng'ambo ya mto likiiba watoto wakati wa vita. Likaiba binti mmoja. Kaka yake yule binti alikuwa na mkuki ambao ukirushwa unarudi mkononi wenyewe. Akavuka mto. Akaurusha mara ya kwanza, ukakata vidole viwili vya mkono wa kushoto wa zimwi, kwa sababu lilikuwa limemng'ang'ania binti na halikutaka kumwachia. Akauinua mara ya pili. Hapo bibi anasema tenga limejaa, twendeni tukalale. Misimu mitatu mkuki uko juu tu!

Mimi nilitaka kitu kimoja duniani, zimwi life. Sina subira, sikuzaliwa nayo. Watoto wakipiga kelele kwamba auawe, sauti yangu ndiyo ilipita zote, na bibi alipogoma nilisusa hadi ugali. Mchana mmoja nilimfuata kisimani nimbembeleze anipe mwisho peke yangu, nitautunza. Alinikaripia. Kwetu hadithi haisimuliwi jua likiwaka, anayesimulia mchana huota mapembe. Yanayosemwa mchana, aliniambia, ni ya kweli.

Babu, kaka yake bibi, alikaa nyumba ya pili. Alikuwa mzee mpole, na kila jioni alikuja na karanga za kukaanga mfukoni mwa koti, akanipa mimi kwanza, wenzangu wakanikodolea macho. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akisikiliza kama mtoto. Ila hadithi ikikaribia mto aliinuka, akasema anakwenda kutazama ng'ombe. Hatukujali. Sisi tulilitaka zimwi.

Mwaka huo mama alijifungua, bibi akaitwa Mbeya kumhudumia mzazi, nami nikafungashwa naye. Basi lilitutikisa hata meno yakauma. Siku ya tatu tangu tufike, bibi alinichukua sokoni kutafuta mchele wa uji wa mama. Akina mama waliokuja na mchele kutoka Usangu walikuwa wamepanga magunia yao upande wa jua, wakipima kwa kopo.

Wa mwisho alikuwa kikongwe, shuka jeusi begani. Alilijaza kopo kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akasawazisha mchele juu ya mdomo wa kopo. Nikauona ule mkono. Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Baada ya hapo hakuna kitu, ngozi imekunjamana tu.

Mwili wote ulikufa ganzi. Kisha ukaamka. Sikufikiri, ningefikiri nini, nimesubiri misimu mitatu! Niliokota jiwe nikalirusha kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele kwamba zimwi ni hili hapa, bibi, ni hili. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Mchele ulimwagika. Wale akina mama wakasimama wote, mmoja akanikamata sikio.

Nilimgeukia bibi anitetee. Bibi alikuwa amepiga magoti.

Kwetu mwanamke hupiga magoti kumsalimia mkubwa wake, hilo si la ajabu. Ila bibi yangu wakati huo alikuwa mzee, watu ndio waliompigia yeye. Na sasa yuko mavumbini sokoni, amekishika kile kiganja cha vidole vitatu kwa mikono yake miwili, anasema lugha ambayo sijapata kumsikia akiisema hata siku moja. Kisangu. Kilimtoka bila kukwama, kama maji. Yule kikongwe alimtazama muda mrefu, damu ikimchuruzika hadi kwenye nyusi, kisha akamwita kwa jina. Halikuwa jina tunalomwitia Kihesa.

Nilianza kulia kwa woga. Bibi aliniketisha chini kando ya gunia. Jua lilikuwa utosini.

"Yule binti wa hadithi ni mimi," alisema. "Na huyu ndiye mama aliyenilea."

Nilimtazama kichwani. Niseme ukweli, nilimtazama kama mapembe yanaota. Hayakuota. Ndipo nikajua kwamba anachosema si hadithi.

Alinieleza pale pale. Wakati Wajerumani walipokuja kuiteka nchi kwa vita watu walikimbia huku na huku, yeye akaachwa njiani, mtoto mdogo, tumbo limeshikana na mgongo. Mwanamke huyu wa Kisangu, ambaye hakuwa na mtoto, alimbeba mgongoni akavuka naye mto, akamlisha, akamfundisha kusuka mikeka. Miaka sita. Kisha kaka yake bibi akaja na mkuki, kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota. Mwanamke alimng'ang'ania mtoto. Kaka akakata.

Sikuelewa upesi, mimi ni mzito nikishtuka. Bibi alikuwa na kaka mmoja tu.

"Babu?" niliuliza. "Babu wa karanga?"

"Huyo huyo. Akanirudisha nyumbani, na mwaka haukuisha akanioza kwa mzee wa rika la baba yetu. Ng'ombe wa mahari yangu ndio alioolea yeye. Wale anaokwenda kuwatazama kila jioni ni uzao wao."

Nilimuuliza, kwa hasira maana hasira ndiyo iliyobaki, kwa nini basi alimfanya mama wa watu kuwa zimwi.  Bibi alisema angewezaje kukaa nyumba ya pili na kaka yake, anakula kwake, anamzikia watoto, miaka yote hiyo. Ilibidi mmoja awe zimwi, na aliyekuwa mbali ndiye aliyebebeshwa. Ila kumuua hakuweza. Kila akifika pale, mkono wake mwenyewe ulimshinda.

Nilidhani yameishia hapo. Nimeshahama upande, nampenda kikongwe, namchukia babu, mambo yamekaa sawa. Kumbe bado. Kikongwe alikuwa anaokota mchele wake punje kwa punje. Akamwambia bibi kwa Kiswahili, polepole, ili nami nisikie:

"Mama yako alikuja kukutafuta. Mara mbili. Nilikuficha kwenye kihenge cha mpunga, nikamwambia ulikufa."

Bibi aliuachia ule mkono.

Jamani, sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Maisha yake yote aliamini mama yake alimtupa na hakugeuka nyuma, na hilo yeye na kaka yake hawakuwahi kulizungumza. Mama huyo alikufa, nilikuja kuambiwa na babu baadaye, kabla binti hajarudishwa, na alikufa akimwagiza mwanawe wa kiume asirudi bila dada yake, maana kaburi la binti hakuonyeshwa. Kikongwe hakuomba radhi. Alisema tu kwamba alikuwa anampenda.

Tulirudi nyumbani bila mchele. Siku mbili bibi alifua nguo za mtoto, hata zilizokuwa safi. Siku ya tatu alichukua chupa ya mafuta na kitambaa safi, akarudi sokoni kumfunga kidonda nilichomtia mimi. Nilimfuata nyuma nikijikokota, nikaomba msamaha kwa sauti isiyosikika. Kikongwe alinipa kiganja cha mchele nitafune. Njiani bibi alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hakusema yupi kati yao, nami sikuthubutu kuuliza.

Arobaini ya uzazi wa mama ilipokwisha tulirejea Kihesa. Babu alikuja jioni ile ile, akakaa kwenye kigoda chake. Bibi alimwambia neno moja, kwamba amemwona. Babu hakuuliza nani. Aliinamia mikono yake mpaka moto ukahitaji kuni.

"Mkono ulipona?" aliuliza.

"Ulipona."

Akaingiza mkono mfukoni, akanitolea karanga, mimi kwanza kama siku zote. Nilizitazama. Nilitaka kuzimwaga. Nilikuwa na njaa ya safari, nikala, nazo zilikuwa tamu vile vile. Nilijikasirikia mpaka machozi yakanitoka.

Watoto walikuja, wakaketi kuzunguka tenga, wakadai zimwi lao. Bibi akaanza, akasimulia ya macho kisogoni na nywele za matete, hakubadili hata neno. Wote walikuwa wakinitazama mimi, mpiga kelele wao, waone nitaanza lini kutaka liuawe. Hadithi ilipokaribia mto, babu aliinuka, akasema anakwenda kutazama ng'ombe.

Niliyaweka chini mahindi yangu, nikainuka, nikamfuata.