Masikio ya Fundi Barafu

Fundi Barafu alikuwa na karakana ndogo ya viyoyozi vya magari, ukuta kwa ukuta na chumba ambamo mkewe alishona nguo. Jina hilo alipewa na madereva, likamganda, hata watoto wake waliokwisha kuondoka nyumbani walikuwa wakipiga simu na kumwuliza mama yao, "Barafu yupo?" Alikuwa mtu wa utani mwingi, na chombo chake cha kwanza kilikuwa sikio. Aliinamia injini, akafumba macho, akasikiliza. Akifumbua, keshajua pa kushika.

Lakini kwa muda sasa alikuwa akilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama wametia maji mdomoni. Redio ya karakana aliiona imechakaa, akaibadilisha. Mpya nayo akaiona haina sauti. Mkewe hakusema neno. Alizoea tu kumgusa bega kabla ya kuzungumza naye, na kupaza sauti kidogo, kisha kidogo tena.

Asubuhi moja akaingia muuza maua na gari lake dogo la mizigo, nyuma limejaa ndoo za mawaridi. Uso ulikuwa umemkunjamana.

"Fundi, AC imenigeuka," akasema. "Nikiwa kwenye mwendo inapuliza baridi vizuri tu, nikikwama kwenye foleni inapuliza joto. Maua yananifia. Na leo kuna bibi harusi ananisubiri!"

Injini ilikuwa inanguruma, na muuza maua alisema hayo huku kageukia ndoo zake. Barafu akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alichodaka ni "AC" na "joto" basi. Akaona haya kumwambia arudie.

Akaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi. Joto. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kwenye gari hilo ilikuwa imejificha chini kabisa, huioni mpaka ulale uvunguni. Barafu hakuona haja ya kulala. Kompresa ikishika kazi hutoa mlio, ta!, na mlio huo zamani aliusikia hata akiwa nje anakunywa chai. Akainama, akafumba macho, akangoja. Kimya.

"Kompresa imekufa," akasema. "Ni kushusha na kuweka nyingine. Kwa leo haitawezekana."

Muuza maua akaketi juu ya tairi. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni tangu mteja alipoingia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akasogea, akamgusa mumewe bega.

"Mzee wangu, inalia."

"Nini inalia?"

"Hiyo ta yako. Inalia, inakaa kidogo, halafu inalia tena. Hiyo! Umeisikia?"

Barafu akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. Aliona midomo ya mkewe ikitamka "hiyo" mara nyingine. Yeye hakusikia kitu. Akazima injini, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa mikono ambayo wala haikuwa na grisi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ile redio ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, mama watoto?"

"Nilikuwa nakungoja ujue mwenyewe. Niliogopa kukuvunja moyo."

Barafu akainamisha kichwa karibu na mdomo wa mkewe. "Huyu dada alisemaje alipoingia? Niambie yote."

Mkewe akamrudia neno kwa neno, taratibu. Na maneno yalipoingia, kichwa cha fundi kikaanza kazi yake. Kompresa inayoshika na kuachia haijafa, inajizima kwa sababu mahali fulani joto limezidi. Na gari linalotoa baridi likienda na joto likisimama, limekosa upepo. Likiwa kwenye mwendo, upepo wa njiani unaipoza rejeta ya AC, iliyo mbele ya gari. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni.

Akawasha tena, akachungulia mbele. Feni imesimama tuli, haina habari. Akazima, akaufuata waya wake kwa vidole mpaka kwenye plagi, akaikuta imeungua na kulegea. Akaikata, akaunga nyingine. Alipowasha, feni ikazunguka na upepo ukampiga kiganjani. Mkewe akasimama kando yake akimpa habari: "Imeshika. Bado imeshika. Haiachii."

Muuza maua akaweka uso mbele ya tundu, akacheka peke yake.

"Dada yangu, nisamehe," Barafu akamwambia. "Wewe ulisema vizuri. Ni mimi sisikii sawasawa."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mdomo wake. Muuza maua akamtazama kwa upole.

"Baba yangu naye alikuwa hivyo. Akakataa kwenda hospitali, mpaka wajukuu wakaacha kumsimulia mambo."

Maneno hayo yakamwingia. Wiki iliyofuata mke na mume wakafunga milango yao yote miwili, wakaenda kwa daktari wa masikio wakiwa wameshikana mikono kama wachumba. Barafu akarudi na kifaa kidogo nyuma ya kila sikio, na malalamiko tele: mlango unapiga kelele, ndala zinapiga kelele, naye mwenyewe, kumbe, anatafuna kama ng'ombe.

"Na umeishi na kelele hizi miaka yote?" akamwuliza mkewe.

"Nikuache niende wapi?"

Jioni ile walikaa ukumbini. Mkewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akasema jambo bila kuinua macho wala kupaza sauti, kwamba leo amechoka lakini amefurahi. Barafu akageuka.

"Sema tena."

"Kwani hukusikia?"

"Nimesikia. Sema tena."