Medali ya Swali Lisilo na Jibu

Juzi, kwenye posta ndogo hapa Iringa, mbele yangu alisimama mwalimu wa hesabu mwenye mvi. Alikuja kuchukua kifurushi kutoka chama cha wanahisabati.

"Kuna nini humu, Mwalimu?" karani akauliza.

"Medali. Wamenipa kwa utafiti wangu."

"Hongera. Uligundua nini?"

Mwalimu akafuta miwani taratibu. "Kuna swali lililowasumbua watu miaka mingi. Nilithibitisha kwamba kulijibu haiwezekani."

Karani akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. "Mimi huwaambia watu haiwezekani kutwa nzima, na sijapewa hata cheti."

"Mimi nilitakiwa kueleza sababu," mwalimu akajibu kwa upole.

Foleni ikacheka. Zamu yangu ilipofika, karani alisema, "Stempu zimekwisha, ndugu," kisha, bila kuulizwa, akanieleza kwa nini.