Mbavu za Bibi Kwenye Gurudumu

Juzi mtoto wa jirani alipita mlangoni kwangu na baiskeli, kaibana chupa ya soda ya plastiki kati ya fremu na gurudumu la nyuma, inalia trrrrr mpaka kuku wanaparamia ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nachagua mawe kwenye mchele. Nikasimama na ungo wangu mkononi nikamfokea: "Wewe! Peleka pikipiki yako huko stejini kwa wenzako!" Akacheka, akakanyaga zaidi. Watoto wa Garsen siku hizi hawamjali mtu. Nilipogeuka kukaa, nikamwona mama yangu amesimama kizingitini, ameshika fremu ya mlango, mkono wa pili uko sikioni. Uso ule, ndugu yangu, sikuwa nimeuona tangu nikiwa msichana mdogo. Niliweka ungo chini na hamu ya wali ikaniishia papo hapo.

Wewe umezoea kuniona sokoni nikigombana na wateja na kucheka na mabaharia wa nchi kavu, yaani hawa wenye malori, kwa hiyo huenda hili hujui. Mimi nilikuwa na kaka. Na kaka yangu ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa mto kuifanya baiskeli ingurume.

Tulikaa kijiji kidogo ukingoni mwa Tana, kabla hujafika Minjila. Sisi ni watu wa jembe: ndizi, mpunga maji yakija, mahindi maji yakiondoka. Nyumba ilinuka moshi na kambare wa kukaushwa, na asubuhi ulisikia michi ikipokezana nyumba hadi nyumba. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, juu ya tuta. Mkono huu mto, mkono huu vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba, vilivyofungamana hata mbuzi hapenyi. Usiku viboko walipanda kula majani mashambani mwetu, alfajiri wakarudi majini wakilikata lile tuta. Kila mtoto alijua: usikae kati ya kiboko na maji yake. Lakini mtu wa miguu huimba, hukohoa, huburuta ndala, na mnyama humsikia akamwachia njia. Mwenye baiskeli huja kimya kama kivuli. Baiskeli ndiyo iliyomaliza watu kwetu.

Na kaka alikuwa mtu wa baiskeli. Baba alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akatuachia ile nyeusi kubwa yenye keria ya chuma. Kaka alipofika umri wa miguu yake kugusa pedali, aliacha shule na kuanza kupeleka ndizi Minjila kila alfajiri, awahi mabasi. Mama alikuwa akimfungia mikungu, anamsukuma mpaka mwanzo wa tuta, halafu anarudi jikoni na kukoroga uji ambao tayari ulikuwa umeiva. Alikuwa akikoroga tu. Mimi nilidhani uji unahitaji kukorogwa hivyo.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ndiye aliyekuwa na pikipiki, na kaka aligundua kwamba viboko wakiisikia hata kwa mbali hukimbilia majini mapema. Basi akarudi nyumbani na wazimu wake. "Pikipiki hatuna," akasema, "lakini ile sauti yake haiuzwi dukani." Ndugu yangu, hakuna kitu kilichopona mle ndani. Alianza na mfuniko wa mkebe wa siagi, ukalia kama kuku anayekabwa. Akakata dumu la mafuta ya kupikia, likanguruma vizuri sana halafu likapasuka kabla ya kufika kwa jirani. Akaiba kibanio cha nguo, akaiba mpira wa tyubu aliofungia mama gunia, akakata ndala yangu ya kushoto, ambayo sijamsamehe mpaka leo. Kila jioni tulikuwa nyuma ya nyumba, baiskeli imepinduliwa matako juu, yeye anazungusha pedali kwa mkono na mimi nimetumwa mbali kwenye migomba nimpigie kelele kama inasikika.

Kilichofaa kikatoka kwa bibi. Bibi, mama yake mama, alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na hospitalini walikuwa wamempiga picha ya kifua, ile nyeusi ya plastiki ngumu. Aliipenda picha hiyo kupita kiasi. Mgeni akija, kabla hata hajapewa maji, bibi anaiinua kwenye mwanga wa dirisha: "Njoo uone nilivyo ndani." Mbavu zake zilionekana zote, nyeupe, zimejipanga vizuri. Kaka alimbembeleza wiki nzima. Mwishowe bibi akasema, "Chukua. Daktari ameshaniona, na Mungu hahitaji picha." Kaka akakata kipande kirefu, akakifunga kwa ule mpira wa tyubu kwenye chuma cha nyuma, ncha ikagusa spoksi, na mkebe wa siagi ukawekwa chini yake kuikuza sauti.

Lo! Iliponguruma mara ya kwanza wazee walitoka nje kuangalia mgeni gani amekuja na pikipiki. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mmeniweka kwenye gurudumu," akasema, "sasa nitafika Minjila bila kulipa nauli." Alifariki msimu uliofuata wa masika, na kijiji kizima kikazoea kusema alfajiri, bibi huyo anapita na ndizi zake.

Na mama akaacha kukoroga uji. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko, mkono sikioni, anaisikiliza ile trrrrr ikienda na tuta mpaka ikapotea, na jua likishapanda anasimama tena pale pale kuisubiri irudi. Ikisikika tu, hata kabla hujamwona mtu, anasema, "Haya, tia maji chai." Kwake sauti ile ilikuwa ndiyo mtoto mwenyewe. Ikilia, mwanawe yuko hai.

Kulikuwa na mama mmoja wa maziwa, mke wa mfugaji, boma lao likiwa ng'ambo ya vile vichaka. Alikuja na kibuyu chake kinachonuka moshi mtamu, anatupa maziwa, anaondoka na ndizi na mahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na hakukionea haya. Akikutana na kaka kwenye tuta humwachia njia, huziba masikio na kumtania: "Wewe pikipiki ya njaa! Petroli iko wapi?" Mama na yeye walikaa jikoni wakasengenya waume wa watu mpaka jua likawa kali. Waliitana dada.

Halafu ukaja ule msimu mbaya. Sitaki kuuzungumzia sana, waliokuwako wanaujua. Ng'ombe waliingia shambani kwa mtu, mtu akakata ng'ombe kwa panga, kesho yake binadamu akakatwa. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anauliza nani alianza. Vijana wetu walilala nje na mikuki, vijana wa wafugaji vivyo hivyo. Mama wa maziwa akaacha kuja, tukanywa chai ya rangi. Watu wakaambiana: tembeeni kimya, msiimbe, msiwashe moto nje, kwenye mathenge wamejificha watu wanaosikiliza nani anapita.

Lakini ndizi haziwezi kuambiwa zisubiri amani. Zilikuwa zinaiva, na nyumbani hapakuwa na kingine. Jioni moja mama alichukua kisu cha jikoni, akaenda nyuma ya nyumba, akaukata ule mpira wa tyubu. Kaka alipiga kelele: "Mama, na viboko?" Mama akamjibu bila kumtazama, "Kiboko ana wakati wake, baba. Binadamu wa sasa hana wakati. Kesho utapita kimya." Kaka akaichukua ile picha ya bibi pale chini, akaipangusa vumbi kwenye suruali.

Alfajiri aliondoka. Sikusikia kitu. Nilikuwa macho kwenye mkeka, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, nikasikia vyura tu. Mama alirudi jikoni na kuanza kukoroga uji.

Jua likapanda. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshapita Minjila, na wakati wake wa kurudi ukapita. Mama alikoroga mpaka uji ukaungua, akaumwaga, akabandika mwingine. Hakuna aliyethubutu kumsemesha. Jirani alikuja kuomba moto, akamwona usoni, akarudi zake bila moto.

Ndipo tukaisikia. Mbali, upande wa tuta: trr, trr, trr. Polepole, kama mtu anayesukuma baiskeli kwa mguu. Mama akatupa mwiko. "Mjinga huyu!" akasema, "mjinga kabisa! Nimemwambia asiifunge, ameifunga!" Na huku anatukana, machozi yanamtoka na anacheka, ananisukuma mabegani. "Tia maji chai! Tia sukari nyingi! Leo nitamchapa huyu mpaka anitambue." Akatoka mbio, leso inamwanguka, mimi nyuma yake. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha kama aliyokuwa nayo mama katika zile hatua chache mpaka kwenye migomba ya mwisho.

Aliyekuwa akisukuma baiskeli ni mama wa maziwa. Peke yake. Kichwa wazi, maana mtandio wake ulikuwa umemfunika kaka, aliyelazwa kwenye keria na kufungwa kwa kamba za kufungia ndama. Miguu ya kaka ilikuwa inaning'inia, na mmoja hauna ndala.

Vijana walikuwa wameshatokea na mapanga. Mama wa maziwa alisimama, hakuiachia baiskeli isije ikaanguka, akaongea na mama tu kana kwamba wengine hawapo. "Dada, mimi hapana kuja na ubaya. Kiboko. Kiboko napiga yeye pale kwa maji ya ng'ombe, bwana yangu naona na macho. Kiboko naacha baiskeli, nakimbia kwa maji." Akaigusa ile picha ya bibi kwenye gurudumu, imefungwa kwa kipande cha kamba ya ndama, fundo la kufungia ng'ombe. "Hii napata ndani ya shati yake. Mimi naogopa nakuja kimya, vijana nakata mimi. Nafunga, ndio wewe nasikia, najua hii ni ya nyumbani."

Kumbe kaka alikuwa ameibeba kifuani, chini ya shati. Mpaka leo sijui kama alitaka kuifunga akishafika mbali na masikio ya mama, au alitaka tu kuwa nayo.

Kijana mmoja akasema ni uongo, hao ndio waliomuua, wanatuletea maiti kutucheka. Wengine wakaanza kuguna, na panga likainuka. Mama akaenda akasimama mbele ya mama wa maziwa, mgongo kwake, uso kwa watoto wetu, ambao baadhi yao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Akafunua mtandio, akawaonyesha jeraha. Jino la kiboko halifanani na panga, na kwetu hakuna asiyelijua. "Mtoto ni wangu," akasema. "Aliyemnyamazisha ni mimi, kwa kisu changu cha jikoni. Anayetaka kumkata, aanze na mimi." Panga likashuka.

Tulimzika alasiri na mtandio ule ule. Mama wa maziwa alisindikizwa na mama mwenyewe mpaka kwenye vichaka, alikokuwa mumewe amejificha akisubiri. Sijui walisemezana nini. Walikaa muda mrefu.

Sasa mambo hayo hayapo. Mafuriko yalibomoa tuta, kijiji kikahamishwa, migomba ikabaki chini ya mchanga. Ukame ukamaliza ng'ombe wa akina mama wa maziwa, wakahama, na mama huwa anauliza kila mwanamke anayeuza maziwa Garsen kama anamjua. Pikipiki zimejaa, zinapita mlangoni mchana kutwa, na mama hainui hata kichwa. Amezoea kuketi, anapepeta, anasinzia.

Lakini juzi, baada ya mimi kumfukuza yule mtoto, aliingia chumbani kwake, akatoka na kitu kimezungushiwa kitambaa. Sikujua kama alikuwa nacho miaka yote hii. Kipande cheusi, kimekwaruzwa na spoksi mpaka kimepauka, na ukikiinua kwenye mwanga bado unaziona mbavu mbili tatu. Akaniamrisha nimwite mtoto. Nikamwambia, mama, achana nacho. Akanitazama, nikaenda kumwita.

Alikifunga kwa mikono yake, akaitupa ile chupa. "Hii haisikiki mbali," akamwambia. Mtoto akapanda, na ile sauti ikatoka, ndugu yangu, ile ile. Ikaenda na barabara ya vumbi, ikapinda kwenye kona ya msikiti, ikapotea.

Mama alibaki amesimama, mkono sikioni. Jua likazama. Yule mtoto alikuwa ameshafika kwao zamani, nilimwona kwa macho yangu akila mlangoni mwa mama yake. Nikamshika mama bega, nikamwambia, "Ingia ndani, mama. Ameshafika."

Akanisukuma mkono. "Nyamaza kidogo," akasema. "Nasikiliza."